Shamba la Anko Nils

Saa tisa na robo alasiri, Anko Nils alisimama ghafla katikati ya mikoba ya Shiling, soko la bidhaa za ngozi, akanusa ngozi. Alikuwa askari mstaafu wa Uswidi, jirani yetu Guangzhou, China, nilipokuwa mtoto, na siku hiyo alimsaidia mama kubeba mzigo. Juzi, tulipouza shamba la marehemu baba, harufu ya zizi ilinirudisha pale.

“Shemeji, unanunua au unanusa tu?” mama alimtania.

“Inanuka kama zizi letu. Baba yangu aliniita nirudi kulima, nikabaki jeshini. Alipokufa, shamba likauzwa.”

Machozi yalimlengalenga. Nilidhani shamba lililouzwa hununuliwa tena, kama mkoba. Nikamkabidhi akiba yangu yote. Aliipokea kwa mikono miwili: yuani tano tu.