Chuma cha Ishirini na Tatu

Siku yangu ya kwanza chuoni nilipewa fagio na gunia la unga wa mbao. Mkuu wa Karakana wa wakati ule, mtu mfupi wa koti la kijivu, alinionyesha sakafu iliyolowa mafuta ya mashine.

"Mwaga unga, uache unywe mafuta, ndipo ufagie," akaniambia. "Ukifagia kabla, wayatandaza tu."

Sikusoma chuo chochote. Ufundi niliupata kwa kufagia polepole karibu na ubao wakati wa masomo, kisha kwenda kuyasoma tena yale niliyoyasikia, chumbani kwangu Bondeni, katika vitabu vilivyotolewa maktaba kwa kuchakaa. Mwaka wa nne Mkuu alinikuta nikinoa patasi bila kuagizwa. Kesho yake alinipa tupa, kile chuma chenye meno cha kusugulia chuma kingine, na baada ya miezi akanipa guni lake.

Guni ni kipimo cha pembe mraba: mikono miwili ya chuma iliyoungana kama kona ya dirisha. Unaliegemeza kwenye kazi yako, unainua vyote viwili mbele ya mwanga, unatazama. Mwanga ukipenya kati ya guni na chuma, kazi bado.

"Na guni lenyewe nani alipima?" Mkuu aliniuliza. Akachora mstari juu ya bati kwa kulifuata guni, akaligeuza upande wa pili, akachora tena palepale. Mistari ikalaliana, ikawa mmoja. "Ikiachana, guni limeharibika. Fanya hivi kila muhula unapoanza. Na likianguka, hata kama ni kutoka urefu wa goti, fanya hapo hapo."

Mkuu huyo alistaafu. Akaja Mhandisi aliyependa mashine kuliko watu, na baada yake Mkuu wa Idara wa sasa, ambaye ni mtu wa mafaili. Wote watatu waliniachia kazi moja: wanafunzi wapya na kile chuma chao cha kwanza. Kila mmoja hupewa kipande kilichokatwa vibaya, akakisugua kwa tupa mpaka pembe zote ziwe mraba. Huniletea nikipime mara tatu. Ya tatu ikikataliwa, anaondolewa kwenye ufundi mitambo. Chuma kilichokubaliwa hukaa kabatini kwangu hadi siku ya kuhitimu, ndipo mwenyewe hukabidhiwa kikiwa kimegongwa jina lake.

Kiongozi wa darasa lenu alinijia wiki tatu zilizopita. "Fundi, sisi twaondoka na wewe wabaki," akasema. "Tuandikie kurasa mbili za kitabu chetu cha kuagana. Utupambe kidogo!" Nikakubali. Siku hiyo hiyo nilitoa vyuma vyenu kabatini ili nivisafishe na kuvigonga majina.

Mliingia ishirini na watatu. Mnahitimu ishirini na wawili. Aliyepungua ni Zuhura wa Mji wa Kale, aliyesimama kwenye jiriwa ya mwisho, kile kibano cha kushikia kazi, karibu na mlango. Najua mnamkumbuka, kwa sababu mlicheka.

Wengine wote mlikuwa mkisugua chuma huku mkijipima kwa guni langu pale mezani. Zuhura alichukua chake nyumbani, akakimalizia kwenye karakana ya babu yake, seremala wa milango. Mara ya kwanza nilipokipima mwanga ulipenya. Mara ya pili, palepale. Mara ya tatu vilevile, ila hakuondoka.

"Fundi, jaribu kwa guni jingine. La babu laonyesha sawa."

"Guni hili lilianza kupima vyuma kabla mamako hajaolewa," nikamjibu.

"Najua, Fundi. Lakini la babu..."

"Basi babu yako akupe cheti."

Karakana nzima ilicheka. Nami nilicheka. Akakiweka chuma mezani, akavua aproni, akaikunja, akatoka.

Sasa, wiki tatu zilizopita, niliviweka vyuma vyenu viwili juu ya bamba tambarare, ubavu kwa ubavu, na kati yake nikaona mwanga, mwembamba chini, mpana juu. Nikachukua viwili vingine. Vile vile. Nilivipima vyote ishirini na viwili kwa guni jipya. Vyote vimeinama, na vyote upande mmoja. Mwishoni nikatoa kile cha Zuhura kilichobaki nyuma ya kabati bila jina. Mwanga haukupenya popote.

Guni la zamani nililiweka kwenye droo yalipokuja mapya, muhula wenu wa pili. Nikalitoa, nikachora mstari, nikaligeuza, nikachora tena. Mistari iliachana. Ndipo nikakumbuka wiki yenu ya kwanza: lilinitoka mkononi likapiga saruji. Mkuu wa Idara alikuwa mlangoni na wageni. Nililifuta kwa kitambaa, nikalirudisha mezani. Kuchora mistari miwili hakuzidi dakika moja.

Nilimweleza Mkuu wa Idara. Alisikiliza vizuri. "Faili la msichana limefungwa," akasema. "Na ukiwaambia hawa ishirini na wawili, wataona vyeti vyao vina dosari." Si kweli. Mtihani wenu wa mwisho mliupita kwa vipimo vizima. Lakini mlango mliopita kuufikia, yeye nilimfungia.

Juzi nilikwenda Mji wa Kale. Nilimkuta Zuhura akipiga randa ubao wa mlango, vumbi limemjaa nyusi.

"Hodi."

"Karibu, Fundi. Angalia kichwa, mlango huo ni wa watu wafupi."

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nikampa chuma chake, nikamwomba msamaha. Akakigeuzageuza.

"Babu nilimwambia maneno yako," akasema. "Hakucheka. Alinipa randa, nikaanza siku ile. Alifariki mwaka jana."

"Njoo siku ya kuhitimu, mwanangu. Nitayasema haya mbele yao."

"Nije nikae wapi? Nina milango miwili ya watu." Akarudi kwenye ubao, akapiga randa mara mbili tatu, kisha akaacha. Akashusha guni la babu yake, lenye mpini wa mti mweusi, kutoka kwenye msumari ukutani, akanipa pamoja na chuma. "Chukua hili. Wapime wenyewe. Na siku hiyo ulirudishe kabla ya alasiri, nalitumia."

Nilikuwa na miaka mitano zaidi ya kufanya kazi. Barua ya kustaafu niliyompelekea Mkuu wa Idara inasema macho. Macho yangu ni mazima.

Basi siku yenu ya kuhitimu mtakuta mezani vyuma ishirini na vitatu, vyote vimegongwa majina, na guni lenye mpini wa mti mweusi. Kila mmoja apime chake kabla ya kukichukua, kisha apime cha Zuhura. Mkishamaliza, kuna hotuba ya kuniaga na nasikia kuna zawadi. Nisameheni, sitangoja. Saa nane nitakuwa njiani na chuma kimoja na guni la watu.