Tomaso wa Rusi Adong

Rusi Adong akishika jambo, haachi. Mumewe Akena, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Kasese, alikwisha kulijua hilo akaacha kubishana naye. Watu wa Bwera, mji wa mpakani alikohamia, walikuwa bado. Wao walimwona Mwacholi mrefu, mtoto mgongoni, anayeuza maharage ya Kyarumba na kusema machache. Walimpenda, na kwa kumpenda wakampa mtoto wake jina. Wakonzo, wenyeji wa hapo, huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mvulana wa kwanza ni Baluku. Basi soko zima likamwita Baluku.

Nyumbani Rusi alimwita Ocen. Kwa Waacholi jina hilo halifichi kitu: ni la pacha wa pili. Wa kwanza, Opiyo, aliishi siku moja, akazikwa Kasese kabla mama yake hajapata nguvu za kusimama. Akena akaomba wasiliguse tena jambo hilo. Rusi alihamia Bwera na mtoto mmoja na hakumwambia mtu. Lakini kila alipoitwa Mama Baluku aliumia, kwa sababu hesabu hiyo ilimfuta Opiyo.

Ukafika wakati wa ubatizo. Katekista Nasani alikuwa na sheria yake isiyopindika: haandiki jina daftarini mpaka mzazi aeleze maana yake na sababu ya kulichagua. Jumamosi moja aliwapitisha wazazi katika majina ya mitume. Petero ni mwamba. Bwana mwenyewe alimpa Simoni jina hilo. Matayo ni zawadi ya Mungu. Filipo limetoka kwa Wagiriki, ni mtu apendaye farasi, na hapo wazazi wakacheka, maana farasi Bwera nani amemwona? Tomaso ni pacha, katika Kiaramu alichozungumza Yesu, na Wagiriki wakamwita Didimo, ambalo nalo ni pacha. Pacha wa nani, Maandiko hayasemi.

Rusi aliacha kucheka. Mtume mzima, ndugu yake hatajwi popote, na bado jina limembeba miaka yote hiyo! Aliamua palepale.

"Tomaso," alisema zamu yake ilipofika.

Docus, jirani yake wa sokoni aliyekubali kuwa mama wa ubatizo, akamvuta kitenge. "Ule ni mutu ya mashaka. Weka Petero."

Nasani akainua kalamu. "Tomaso ni pacha, mama. Mutoto yako iko moja. Pacha yake iko wapi?"

Rusi alikaza kitenge kilichombeba mtoto, akarudi kuketi. Nasani aliacha mstari wazi, na wiki nzima Docus akamsihi achague Petero, wayamalize. Rusi alikuwa akipepeta maharage tu.

Jumamosi iliyofuata aliingia wa kwanza, akasimama mbele ya meza.

"Pacha yake iko Kasese, kwa kaburi. Anaitwa Opiyo. Nilizaa wawili, mwalimu. Andika."

Nasani aliandika Tomaso Ocen. Kisha akauliza Opiyo linaandikwaje, akaliweka kwenye mstari uleule, taratibu, bila kuinua uso.

Docus, aliyesimama nyuma ya Rusi, aliona aibu hata akashindwa kumtazama. "Na sisi tunaita yeye Baluku," alisema. "Kwetu pacha beko na majina yao. Na mwenye alikufa, tunamuhesabu. Ungesema."

"Nilikuwa siwezi," Rusi alijibu. "Sasa nimesema."

Uganda hii, mama aliyezaa mapacha huitwa Nalongo, na heshima hiyo haiondoki hata mtoto akiondoka. Rusi hakuwahi kuitwa hivyo hata mara moja. Jumatatu alikuwa akipanga magunia yake, malori yakisubiri kuvuka mpaka wa Mpondwe, aliposikia sauti ya Docus kutoka meza ya tatu, kubwa, ya makusudi, soko zima lisikie.

"Nalongo! Umeamkaje, Nalongo?"

Rusi aliweka gunia chini. Machozi yalimtoka mbele ya wateja, naye hakuyafuta. Akaitika.