Kidole Gumba cha Kapteni Redio

Kapteni alibandikwa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzima. Miaka thelathini angani, na hakuna aliyewahi kukaa kando yake akasinzia. Basi watu waliposikia kwamba ndege yake ilishindwa kupaa ikaishia majanini, na kwamba marubani walikuwa wanapiga soga, hawakuuliza nani alianza. Walitikisa vichwa tu: mdomo huponza kichwa.

Rubani wake msaidizi alikuwa amekaa mbele ya mchunguzi wa ajali, katika chumba chenye meza moja, feni na spika ndogo. Wiki ya sita sasa tangu ajali, na hajadondosha chozi. Alipoambiwa kwamba mhudumu aliyekaa nyuma hatatembea tena, aliitikia "sawa," kama mtu aliyeambiwa maji yamekatika. Chai aliyowekewa ilishafanya utando. Aliitazama tu.

Mchunguzi akawasha sauti zilizonaswa ndegeni. Ngurumo ya injini ilimeza maneno ya mwanzo, kisha Redio akasikika wazi: "Mama hahamishwi kama kabati, binti yangu. Muulize kwanza mwenyewe."

Wakati huo Redio alikuwa anasoma orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka, mstari kwa mstari, na msaidizi anajibu. Sheria haina mjadala: orodha ikikatizwa, mnaanza upya. Lakini Redio alikuwa na sheria yake. Maneno yakiingia, anabana mstari kwa kidole gumba, anaongea, anaendelea. "Gumba langu halijawahi kunidanganya," alizoea kusema. Siku ile liliteleza mstari mmoja tu, ule wa kushusha vipande vya nyuma ya mabawa ili ndege inyanyuke. Redio akasoma uliofuata, na msaidizi akajibu, "Tayari."

"Kapteni ameandika kwamba yeye ndiye aliyeanzisha mazungumzo," mchunguzi alisema. "Ni kweli?"

Redio alishampigia msaidizi simu juzi. "Binti, mimi nimebakiza miezi miwili nistaafu. Leseni yako bado mbichi. We nyamaza tu, nani atashangaa?"

Kweli, nani angeshangaa? Neno moja la ndiyo, naye angerudi kurusha ndege. Alijua anapaswa kuona aibu. Aliitafuta moyoni, hakuipata. Mle mlikuwa na ganzi tupu. Alimkumbuka mama yake, mzee anayesahau; baada ya ajali alimhamishia kwake bila kumuuliza. Kila asubuhi mama humuuliza, "Leo huruki, mwanangu?" Naye hujibu, "Leo siruki, mama." Chai haijapoa, swali linarudi lilelile.

"Ukikaa kimya nitaandika ndiyo," mchunguzi alisema, bila ukali. Alikuwa na fomu ndefu na siku fupi. Aliweka kidole kwenye mstari, akashika kalamu. "Haya, tuendelee hapa tulipoishia."

Msaidizi alikitazama kile kidole.

"Hapana, mkuu," alisema. "Turudi mwanzo."

"Mwanzo upi? Mwanzo hausikiki."

"Mimi naujua." Sauti yake ilikuwa kavu, kama anasoma orodha. "Kapteni alikuwa anasoma orodha tu, hana soga. Nikamuuliza, ungekuwa wewe, ungemhamisha mama? Mimi ndiye niliyemkatiza."