Fundo Langu Ndani ya Mkanda wa Kaske

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikupewa hata kigoda cha kukalia. Nilipewa sindano nene, uzi wa nailoni na kiti cha pikipiki kilichopasuka toka mbele mpaka nyuma. Chef wa karakana ile ya Kabondo, hapa Kisangani, mzee mnene aliyekuwa akitafuna makasu, zile mbegu chungu za kola, tangu asubuhi, alinitazama vile watu wanavyotazama samaki wa jana.

"Weye ulisoma mpaka wapi?"

"Troisième primaire, Chef. Darasa la tatu."

"Bon. Sindano haiulizaka diplome. Shona."

Nikashona. Jioni Chef alikanyaga kile kiti kwa mguu, akavuta mshono kwa mikono miwili mpaka jasho likamtoka. Haukuachia. Akasema, "Huyu mutu ya Maniema anashona kama vile iko na chuki na kiti!" Hiyo ndiyo diplome yangu, na sijaona karatasi ya chuo kikuu inayoishinda.

Ninyi mnaoingia leo kwenye kazi ya vifaa vya mbio za pikipiki, acheni niwaambie jinsi tulivyoifanya. Mshono wangu, kila hatua ya tatu unarudi nyuma hatua moja, na mwisho wa uzi haukatwi juu juu. Unafungwa fundo dogo, fundo linafichwa ndani ya pindo. Jicho halilioni, kidole gumba tu ndicho kinalijua. Nililibuni mwenyewe. Wengi walijaribu kuliiga, wakaishia kujichoma. Ndiyo maana toka Mangobo mpaka Lubunga, ng'ambo ya mto, waliniita Papa Sindano.

Kutoka kwenye viti nilipanda kwenye kaske, ile kofia ngumu ya kulinda kichwa. Club ya mbio ilikuwa imeanza kule njia ya Bangboka, kwenye uwanja wa udongo mwekundu, na sheria yake ilikuwa moja: kaske isiyo na etiketi haiingii. Etiketi ni kitambaa kidogo cheupe kinachoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Kina herufi E ndani ya duara, na chini yake namba. Kinasema kwamba kaske imepimwa, inalinda kichwa.

Sisi tulielewa vingine. Kwetu etiketi ilikuwa ya mtu, si ya kaske. Mwendeshaji akivunja kaske yake, anabandua etiketi, anaitia mfukoni. Akinunua nyingine sokoni, hata iwe ya namna gani, anakuja kwangu: "Papa Sindano, unihamishie." Wengine walirithi etiketi za kaka zao kama watu wanavyorithi jina. Nami nikahamisha. Miaka mingi nilihamisha, na hakuna mashine ya Ulaya ambayo ingeshona vile kunizidi.

Halafu wachuuzi wakaanza kuleta kaske zenye etiketi za kuchapisha mitaani. Prezida wa club, mtu mrefu mwenye sauti ya padri, akaniita.

"Papa Sindano, wanatudanganya. Weye unajua uzi. Ikala ku meza ya ukaguzi."

Mimi, troisième primaire, nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe na muhuri! Kazi niliiweza siku ile ile. Kaske kumi zilipita mbele yangu, zote na namba moja. Nikamwuliza mwenye nazo, "Alors, hata mapacha wanapewaka jina moja?" Nilitambua uzi unaong'aa kupita kiasi, nikanusa gundi mahali palipotakiwa sindano. Wenye miwani walikuwa bado wanasoma, mimi nimeshamaliza. Siku hiyo Prezida alisimama kwenye kiti, akatangaza: "Mutu mwenye anashona etiketi ya uongo, siku nitamukamata, hatakanyaga tena hapa!" Nilipiga makofi kuliko wote.

Aliyenitoa usingizini ni injinia mmoja aliyekuja na waendeshaji wageni kutoka Bukavu. Tulikuwa tunakula liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, nami nikajisifu kwake jinsi ninavyohamisha etiketi bila mtu kuona. Aliacha kutafuna.

"Papa, ile namba iko ya ile kaske peke yake. Ndugu zake za kiwandani zilipigwa na chuma kwa kupima. Etiketi iko shahidi. Ukiihamisha, unapeleka shahidi aseme juu ya kitu hakuona."

Nikamrudisha samaki kwenye majani. Mimi ni mtu wa kubisha, lakini siku ile nilinawa mikono, nikaenda zangu. Wiki nzima nilishona vibaya. Mke wangu, Mama Anifa, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni malaria.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya mbio kubwa. Watu walijaa mpaka juu ya miti. Wa kwanza kufika mezani alikuwa Risasi, mdogo wake Mama Anifa, bingwa wa mji, kijana aliyekata kona kama anakata mkate. Akatupa kaske yake mezani.

"Beau, shemeji yangu, piga muhuri haraka. Bangboka inaningojea."

Nikapitisha kidole gumba kwenye mkanda. Herufi E ilikuwa ya kweli. Namba ya kweli. Na ndani ya pindo, fundo. Fundo langu.

Nikakumbuka vizuri. Etiketi ile niliitoa kwenye kaske yake ya zamani, nikaihamishia kwenye hii ya soko. Hapa Kisangani hakuna mwingine ambaye angeligundua. Nikipiga muhuri, nabaki na meza yangu, na kichwa cha mdogo wa mke wangu kinakwenda uwanjani ndani ya kitu nisichokijua. Nikikataa, Risasi atasema nani alishona, na Prezida yuko nyuma yangu.

"Hii haipite," nikasema.

Risasi akacheka. "Beau, unalewa? Si weye mwenyewe..."

"Ndiyo. Ni miye."

Nikaomba msumeno wa chuma kwa mafundi, nikaikata ile kaske katikati mbele ya wote. Ganda lilikatika kama kibuyu. Ndani kulikuwa na sifongo, na chini ya sifongo kipande cha frigolite, ile nyeupe ya masanduku ya samaki, nyembamba kuliko kidole changu kidogo. Nikaiminya, ikabaki na shimo. Risasi aliutazama unga mweupe uliomwagika mezani, akajishika kichwa.

"Nani alishona?" Prezida akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Miye, Prezida. Na nyingine nyingi."

"Toka ku meza."

Nikatoka. Watu wakazomea. Mmoja akapaza sauti, "Papa Sindano anakula matapishi yake!" Nilikuwa nimefika karibu na barabara nikasikia ile sauti ya padri nyuma yangu. Prezida alikuwa amezungukwa na kaske za waendeshaji wengine, anaugeuza mkanda mmoja huku na huku kama mtu aliyepewa barua ya Kichina.

"Na hizi," akasema polepole, "nani atazijua?"

Waendeshaji wakageuka kunitazama kule barabarani. "Rudi," akasema, bila kunitazama.

Nikarudi mezani. Kidole changu kilikuta fundo kwenye kaske tisa. Nikazikataa zote tisa, moja moja, kwa sauti. Mbio hazikukimbiwa siku ile.

Risasi aliacha kuja kula nyumbani kwetu. Dada yake ndiye aliyemtafutia kaske ya kweli, iliyokuja na etiketi yake tangu kiwandani. Halafu siku moja ya mbio alianguka, pale kona ya mwisho, pikipiki ikamrukia. Alinyanyuka mwenyewe, akapangusa udongo, akaja moja kwa moja mezani na kaske iliyopasuka ubavuni.

"Beau, leta makasi."

Nilidhani anataka nimtolee etiketi aibebe, kama zamani. Akanishika mkono. "Hapana. Kata katikati. Iende na kaske yake." Nikaikata vipande viwili mbele ya watu, na tangu siku ile ndivyo wanavyofanya wote kule Bangboka: kaske ikifa, etiketi inakufa nayo. Desturi hiyo niliianzisha mimi. Bon, mimi na Risasi.

Sasa macho yamechoka kabla ya mwenyewe kuzeeka, nimeacha meza. Mkaguzi wa leo ana diplome, anapiga namba picha kwa simu. Kijana mzuri. Akikwama anakuja nyumbani, nami nafumba macho, natembeza kidole.

Bado ninalitafuta fundo langu. Kaske nilizoshona zilikwenda Banalia, zilipanda mtumbwi mpaka Yangambi, nyingine sijui ziko juu ya kichwa cha nani. Mshono wangu hauachii, nimewaambia, na safari hii sijisifu. Donc wewe unayesoma, pindua mkanda wa kidevu, upapase pindo. Ukikuta kitu kama punje ya mchele, usiivae kaske ile tena. Niletee. Fundo nililifunga mimi, nitalifungua mimi.