Valvu Tatu na Kaseti Iliyoharibika

Miaka ishirini na sita, mke wa fundi alimwita mumewe kwa swichi ya taa.

Si kwamba alikuwa bubu. Mdomo alikuwa nao, na sauti yake ilikuwa tamu kuliko alivyostahili huyo aliyemwoa. Lakini mwanamume akirudi toka kazini anavua viatu, anavaa hedifoni, anakaa chumba cha nyuma mbele ya amplifaya yake, basi, hiyo ndiyo ndoa. Mke aliita mpaka koo likamkauka. Mwishowe akapata akili: anasimama mlangoni, anazima taa, anawasha. Mume anageuka. Mara mbili ni chakula, mara tatu kuna mgeni. Alama ya jambo jingine hawakuwahi kuwa nayo.

Huyo mume msimwonee huruma haraka, lakini haki yake apewe: kazi aliijua. Alikuwa fundi wa redio, na mtaa mzima ulimletea. Redio iliyoanguka, redio iliyonyeshewa, redio iliyoingia mende, zote zilirudi zinaongea. Na alikuwa na sheria moja aliyoihubiria kila mtu, hata ambaye hakuuliza. Kitu kikikataa, badilisha kimoja, sikiliza. Badilisha kingine, sikiliza. Usibadilishe viwili kwa mpigo, hutajua mwizi ni nani. Kwa sheria hiyo alikula miaka arobaini, na kwa sheria hiyohiyo akaja kuumbuka.

Mkewe alipofariki, fundi alikuwa ameshafunga kibanda chake cha kazi. Akabaki na nyumba ya vyumba vitatu na vikombe sita, akitumia kimoja. Asubuhi anafagia chumba alichokifagia jana. Mchana anakaa na amplifaya. Aliiunda mwenyewe ujanani, sanduku la bati, na juu yake katikati imesimama valvu moja, kile kichupa cha kioo chenye nyaya ndani, kinachowaka chekundu kikipata moto. Sasa alisikiliza kadiri alivyotaka na hakuna aliyemzimia taa. Mwaka wa kwanza aligeuka mlangoni mara nyingi bila sababu. Wa pili akaacha.

Siku moja alikuwa anatafuta kaseti tupu, akaikuta moja ina maandishi mekundu, mwandiko wake mwenyewe: IMEHARIBIKA.

Akakumbuka palepale. Siku ile waya wa kurekodia ulikatika, na redioni kulikuwa na bendi aliyoingoja wiki nzima. Akatega maikrofoni mbele ya spika ili arekodi hivyohivyo. Katikati ya muziki mke akaingia anaongea. Taa hakuigusa, sijui kwa nini siku hiyo aliamua kutumia mdomo wake. Fundi akamfokea, mke akatoka, na kaseti ikapigwa chapa hiyo ya aibu. Muziki mzima, mtu hai amesema maneno mawili matatu ndani ya nyumba yake mwenyewe, basi imeharibika.

Sasa ndiyo ikawa mali. Nyumba ile ilikuwa na picha za marehemu, kanga zake, mpaka dawa alizobakiza. Sauti ilikuwa pale tu.

Akavaa hedifoni. Bendi ikapiga. Halafu nyuma ya bendi akaja yeye, mkewe, lakini kama mtu anayesema huku amejiziba mdomo kwa nguo. Mvumo ulikuwapo. Maneno hayakuwapo. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, akarudisha, akasikiliza, mpaka akaogopa utepe utakatika. Alijisikia mwenyewe vizuri sana akifoka, maana alikuwa karibu na maikrofoni na mdomo wake haukuwahi kuwa mdogo. Mkewe alisema nini kabla ya kufokewa? Na alisema nini baada? Kwa sababu baada ya kule kufoka kulikuwa na kitu kingine, kifupi, cha chini. Kilimnyima raha. Anakula anakiwaza, anaoga anakiwaza.

Akaitazama valvu. Kioo chake kilikuwa kimeingia weusi kichwani, kimekula chumvi nyingi kama yeye. Akasema, mwizi ni huyu.

Muuza spea wa mjini alipoambiwa aina ya valvu alicheka mpaka akavua miwani. Alimwuliza fundi kama anataka na spea za gari la kukokotwa na punda. Lakini mtu wa spea hatupi kitu; alichimbua chini ya meza akatoa moja, mpya, bado iko kwenye boksi lake. Ya pili fundi aliichomoa kwenye mashine ya sinema iliyofungwa siku nyingi, mlinzi akimshikia ngazi. Ya tatu aliiokota kwa mnunua vyuma chakavu, ndani ya redio isiyo na mgongo. Akazipa majina kama watoto: Mgeni, Sinema, na Yatima.

Hapo sasa mumwone raha yake. Alizisugua miguu kwa msasa laini, moja moja. Akafungua daftari. Anaichomeka Mgeni, anangoja dakika ishirini ipate moto, anapiga kaseti, anaandika. Anazima, anangoja ipoe, anachomeka Sinema. Kila moja anaigonga kioo kwa penseli, tok, tok, na hedifoni iko masikioni, maana valvu mbovu ukiigonga inalia ndani ya sauti. Wiki tatu alifanya hivyo. Daftari likasema: Mgeni, ya kawaida. Sinema, nzito, nzuri kwa ngoma. Yatima, imetulia kuliko zote, haina mlio wala mchemko. Na chini ya zote tatu mstari uleule: maneno, hapana.

Akabadilisha waya. Akasafisha kichwa cha tepu kwa spiriti. Akabadilisha sponji za hedifoni. Kila kitu kilichokuwa kati ya kaseti na fundi kilibadilishwa, kimojakimoja, kwa sheria. Hedifoni hakuigeuza. Kwa wateja wake hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza: geuza, sikio la kulia liende kushoto, ubovu ukihamia upande mwingine basi hedifoni ndiyo mbovu. Ubovu usipohama, umeshajua uko wapi. Miaka arobaini aliwageuzia watu hedifoni. Yake ilikaa vilevile, kulia kulia, kushoto kushoto, na hakujiuliza kwa nini mkono hauendi huko.

Mwisho akajiambia kwamba valvu zimeshafanya kazi yake, kinachokosekana ni mtu anayeijua ile sauti, aseme ipi kati ya tatu inaileta yenyewe. Na mtu huyo duniani alikuwa mmoja: mdogo wa kike wa marehemu mkewe, fundi cherehani, mtaa wa pili.

Hawakuwa wanasalimiana. Kila Jumamosi ya miaka yote ile marehemu alikwenda kukaa kando ya cherehani ya mdogo wake, akamwaga maneno ya wiki nzima, mdogo mtu anashona huku anamjibu. Ndiko alikokuwa anaongea. Siku ya mazishi mdogo mtu alimtazama fundi toka juu mpaka chini, uso mkavu, akamwambia neno moja tu, kwamba sasa atasikiliza redio yake bila bughudha. Toka hapo akampa kisogo.

Sasa fundi akaenda kusimama dirishani kwa shemeji yake huyo kama mtu aliyekuja kuomba maji. Cherehani iko palepale dirishani, kufuata mwanga. Alieleza yote, kaseti, valvu, daftari. Yule mama aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Yaani shemeji," akasema, "dada yangu alikuwa hai humo ndani, anaongea bure. Sasa amekufa ndiyo unamtafutia vyombo vya kumsikiliza."

Fundi akasema tu kwamba sauti ile wanaoijua ni wawili.

"Mmoja," akasema shemeji. "Wewe uliijua swichi."

Lakini Jumapili mchana alikuja. Hakuja kwa ajili ya fundi, jamani, asijidanganye mtu. Alikuja kwa dada yake. Aliingia hakuvua mtandio, akakataa chai, akataka aoneshwe pa kukaa. Fundi alikuwa ameshaipasha moto Mgeni. Shemeji akaichukua hedifoni, hajui mbele wala nyuma yake, akaivaa kinyume, la kulia kushoto. Fundi alitaka kumsahihisha, akamwacha.

Kaseti ikaenda. Shemeji alikuwa amekunja uso tayari kwa ugomvi. Halafu uso ukakunjuka wenyewe. Alicheka kidogo, puani, kama mtu aliyetaniwa na mtu anayemjua. Akatikisa kichwa. Ilipokwisha alivua hedifoni akaishika mapajani.

Fundi akaweka Sinema. Wakangoja ipate moto, dakika ishirini, watu wawili wasiopendana wanatazama kichupa. Shemeji akasikiliza. Halafu Yatima, ile fundi aliyoipenda. Safari hii shemeji aliruka, akaivuta hedifoni kando ya sikio.

"Hii nini? Inachemka kama kikaango." Fundi, kwa mazoea, aliigonga kioo kwa penseli. "Na sasa inalia kengele. Acha, unaniumiza."

Fundi alitazama daftari. Imetulia kuliko zote, haina mlio wala mchemko. Mwandiko wake mwenyewe. Penseli ikamwanguka, na hakusikia ilipogonga sakafu. Hilo pia alilitambua sasa hivi.

Akauliza polepole kama maneno yanasikika.

"Kila neno. Kwenye zote tatu. Umenileta hapa kuchagua nini?"

Mzee wa watu alinyoosha mkono, akaichukua hedifoni, akaivaa kinyume kama alivyoivaa shemeji. Akarudisha kaseti mwanzo. Wala hakuhitaji kungoja mkewe aingie. Bendi yenyewe ilimwambia. Siku zote tarumbeta zilikuwa zimefifia upande wa kulia, na sasa hedifoni imegeuzwa, upande wa kulia ndiko zilikobaki zimefifia. Kushoto nako si kwamba kulikuwa salama, kulikuwa afadhali. Ubovu haukuhama. Wiki tatu alizigonga valvu za watu zisizo na kosa, na mwizi yuko masikioni mwake, amelala kitanda kimoja naye.

Mama yule hakuambiwa, alielewa kwa kumtazama. Mwingine angemshika bega. Yeye hakumshika.

"Amesema nini?" fundi akauliza.

Shemeji akapaza sauti, akataja neno moja moja, kama unavyomwambia kiziwi. "Amesema, chakula kiko mezani kinapoa, nami leo sili peke yangu, nimechoka kula peke yangu. Wewe ukafoka, nyamaza, unaharibu. Ulikuwa unasikika vizuri sana."

"Halafu? Kuna jingine baada ya hapo."

"Lipo."

Fundi alingoja. Saa ya ukutani ilikuwa inaenda, shemeji aliisikia, yeye hapana.

"Hilo alilisema ameshakupa mgongo," shemeji akasema. "Angetaka ulisikie angegeuka. Ulikuwa na masikio mazima miaka yote hiyo, shemeji. Mazima kabisa. Sasa mimi ndiye nikuazime ya kwangu?"

Akasimama, akafunga mtandio vizuri, akanyoosha mkono. Akasema kaseti ampe yeye. Kwake iko redio ya kaseti, ipo juu ya kabati la vitambaa, ndogo, haina valvu wala mbwembwe, lakini inaongea, na aliyekaa mbele yake anasikia.

Hapo fundi angeweza kukataa. Kaseti ilikuwa yake, nyumba yake, mke wake. Lakini alikuwa fundi, na katika maisha yake yote hakuwahi kuacha spea nzima ikae kwenye redio iliyokufa. Aliitoa kwenye tepu. Akaifuta vumbi kwa shati. Kwenye ile chapa nyekundu akapitisha kalamu mara moja, mara mbili, mpaka haisomeki, halafu akampa. Hakumwomba tena lile neno la mwisho. Shemeji aliitia kaseti kwenye pochi na akaondoka, na kama aliaga, aliaga kisogo cha fundi.

Siku zikapita. Valvu zile tatu fundi alizirudisha kwenye boksi moja, kila moja kaizungushia tambara. Amplifaya ikabaki na shimo katikati.

Jumamosi akavaa shati la kutokea, akatembea mpaka mtaa wa pili. Akasimama ng'ambo ya barabara, chini ya kibao cha duka la rangi. Dirisha lilikuwa wazi. Cherehani inaenda, mkono wa yule mama unasukuma kitambaa, na juu ya kabati redio ndogo imewasha taa yake nyekundu. Fundi hakusikia hata kimoja, wala cherehani, wala redio, wala pikipiki iliyompigia honi nyuma yake. Lakini aliuona mdomo wa shemeji. Ulikuwa unajibu. Anashona, ananyamaza kidogo, anatikisa kichwa, anajibu, anacheka puani, ananyoosha mkono juu kurudisha kaseti nyuma, anashona tena. Jumamosi kama Jumamosi zote.

Shemeji akainua macho akamwona fundi pale ng'ambo amesimama na shati lake.

Mlango hakufungua. Na pazia pia hakulivuta.