Saruji Ndani ya Kompyuta ya Mnada

Hasira yangu haikuanza siku mashine ilipozima. Ilianza kikaoni, pale baba yangu mdogo alipocheka.

Kilikuwa kikao cha chama chetu cha wakulima wa kahawa, huku kwetu Muleba, ndani ya ghala, watu wameketi juu ya magunia matupu. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuishi miaka mingi Mwanza, ambako nilifanya kazi katika ofisi ya wanunuzi wa kahawa. Kazi yangu kule ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kuangalia bei. Kwa hiyo nilijua jambo ambalo wenzangu hawakulijua: mnunuzi anapotaja bei mnadani habahatishi. Mbele yake ana bei ya robusta, kahawa kama yetu, kwenye soko la London, inayopanda na kushuka muda wote, ana thamani ya dola, ana habari za mvua za Vietnam na Brazili, na anajua wenzetu wa Uganda wanalipwa nini wiki hiyo. Mkulima wetu ana simu yenye kioo kilichopasuka na maneno ya jirani.

Tata, baba yangu mzazi, aliuza kahawa namna hiyo maisha yake yote. Kuna miaka aliiuza ingali maua mtini, ule mtindo tunaouita butura, kwa sababu ada za shule hazikusubiri mavuno. Alikufa akiamini kwamba bei ya kahawa ni kama mvua, inatoka kwa Mungu. Haitoki kwa Mungu. Nimekaa chumba kimoja na wanaoipanga, na kina kiyoyozi.

Siku hizi minada inaendeshwa kwa mtandao, na wakulima wana haki ya kuikubali bei au kuikataa papo hapo. Chama kiliniomba niwe mtu wa kuangalia soko siku ya mnada na kuwashauri. Nilikubali. Nilichohitaji ni kompyuta ya mezani inayoweza kubeba skrini tatu: moja ya mnada wenyewe, moja ya bei ya dunia, moja ya dola na habari za Uganda. Laptopu yangu haikuweza. Ukifungua dirisha la tatu inaganda, na mnadani ukiganda umeshauzwa.

"Msinunue urembo," niliwaambia pale ghalani. "Tafuteni mashine ya ofisi, hata kama imetumika, iliyotengenezwa kufanya kazi mchana kutwa bila kuchoka. Iwe na memori ya kutosha, na kadi ya picha yenye matundu ya kuchomeka skrini zote tatu. Zaidi ya yote iwe na pawasaplai nzuri, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Kikiwa kibovu hicho, vingine vyote ni bure. Halafu tununue na UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, maana umeme wetu mnaujua."

Hapo ndipo baba mdogo alipocheka. Yeye ndiye mwenyekiti.

"Mwanangu, chama kizima kinunue mtumba? Wageni wakija watukute tumekodolea macho kopo lililotupwa na Wazungu?"

Watu wakacheka pamoja naye. Nilisubiri wamalize.

"Baba, tunatafuta kitu kisichozima. Sura yake haituhusu."

"Haya mambo ya mashine waachie wanaume. Mkwe wangu ana duka pale Miembeni, Bukoba mjini. Atatupatia kitu kipya, tena kwa heshima ya ukwe."

Ndugu katibu akaandika. Hakuna aliyeniuliza tena. Nilikuwa nimeifanya kazi ile kwa miaka, na mtu ambaye hajui hata kuwasha kompyuta alikuwa amenifunga mdomo kwa kicheko kimoja. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa nazungumza peke yangu kama mwendawazimu.

Mashine ilifika kutoka Bukoba ikiwa imefunikwa blanketi kama mtoto mchanga. Ubavu mmoja ulikuwa wa kioo, na ndani mlikuwa na taa zinazogeuka nyekundu, bluu, kijani. Wanachama walikuja kuitazama pamoja na wake zao. Baba mdogo alisimama pembeni mikono nyuma, akipokea sifa. Ilikuwa mashine ya kuchezea magemu, au ya kufanana nayo. UPS haikuwepo. Nilipotaka kufungua nione ndani kuna nini hasa, nilikuta karatasi ya kunata imebandikwa juu ya skrubu: ukiibandua, garantii imekufa.

"Usiiguse," baba mdogo akasema. "Kama ni taa unaziona, zinawaka."

Siku ya mnada ghala lilijaa. Nilizipanga skrini tatu juu ya meza ndefu, nikaelekeza ile ya mnada kwa watu ili kila mmoja aone. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, ingawa nilisikia feni ikilalamika na nilipogusa mgongo wa boksi mkono wangu ukarudi haraka. Bei zikafunguliwa. Hata mnunuzi aliyetaja bei ya juu kuliko wote alikuwa chini mno. Kwenye skrini ya pili London ilikuwa inapanda tangu asubuhi, haijapumzika.

"Tukatae," nilisema. "Wanajua kahawa inapanda. Wanataka kuichukua kabla hatujajua."

"Una uhakika gani?" mzee mmoja akauliza, na lilikuwa swali la haki.

"Njoo uone, waitu," nilimwita kwa heshima ya kwetu. "Huu mstari unaopanda ni..."

Pakasikika mlio mdogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Skrini zote tatu zikawa nyeusi. Taa za urembo zikazimika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatanda juu ya harufu ya kahawa, na watu walio mbele wakainuka wakikohoa.

Muda wa kujibu mnadani ni mfupi. Nilimwomba katibu atumie simu yake kukataa. Baba mdogo akamshika mkono. "Tusipojibu tutakosa vyote," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa. "Kubali." Katibu akakubali. Mavuno ya msimu ya nyumba zote zile yakaenda kwa neno moja la hofu. Siku chache baadaye chama cha jirani kilikataa bei kama ile ile na kikapata nzuri zaidi, lakini habari hiyo ilitukuta tumeshauza.

Hata hilo ningelimeza. Nilichoshindwa kumeza ni kumsikia baba mdogo akiwageukia watu na kusema, "Nilimwambia asiiguseguse."

Watu wakatikisa vichwa kukubali kwamba kosa ni langu. Mama yangu alikuwa ameketi kati ya wanawake kule nyuma, na nilimwona akiinamisha macho. Nilienda kwenye pikipiki ya katibu, nikaomba bisibisi, nikarudi na kuibandua ile karatasi mbele ya kila mtu. Hakuna aliyenizuia. Nilichomoa pawasaplai na kuifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na nyaya chache nyembamba, vipande viwili vitatu vilivyoungua, na chini kabisa, kimegandishwa vizuri, kipande cha saruji. Saruji hii hii ya kujengea. Mtu alikuwa ameiweka ili kile kisanduku kitupu kiwe na uzito wa kitu cha maana mkononi.

Nilikipitisha. Kila mtu alikishika.

"Labda," baba mdogo akasema polepole, "ni cha kupoozea joto."

Asubuhi iliyofuata nilipakia mashine kwenye gari, nikamwambia baba mdogo kwamba tunakwenda wote Bukoba. Alisema ana mgonjwa wa kumtazama. Nilimwambia mgonjwa ni chama. Akapanda.

Mkwe alitupokea kwa tabasamu na viti. Alimsalimia baba mdogo kwa kuinama, akamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za afya. Nilipoiweka mashine juu ya kaunta na kile kisaruji juu yake, alivitazama kama vimeangushwa na ndege.

"Shemeji, karatasi ya garantii imebanduliwa," akasema.

"Imebanduliwa. Hii ni nini?"

"Mimi nauza vitu vilivyofungwa. Siwezi kujua huko Muleba kimeingizwa nini."

"Unasema sisi tumetia saruji kwenye mashine yetu wenyewe?"

"Shemeji, punguza hasira. Sisi ni ndugu. Tutaelewana."

Baba mdogo akanivuta kiwiko. "Mwanangu, twende. Huyu ni mkwe. Kuna namna ya kusema na mkwe."

Nilimwangalia. Watu waliomchagua walikuwa wamepoteza jasho la msimu, na yeye alikuwa anahofia adabu ya ukwe. Sauti yangu ilitoka kavu. "Baba, kama una namna, iseme sasa. Nakusikiliza." Alitoka nje, akavuka barabara, akasimama akijifanya anasoma simu.

Nikavuta kile kiti nilichokaribishwa, nikakiweka mlangoni, nikakaa na pawasaplai iliyo wazi mapajani. Kila mteja aliyekuja nilimsalimia vizuri, nikamwonyesha saruji, nikamwambia ilikotoka. Sikutukana mtu. Wengine walicheka, wengine walikunja uso, ila wote waligeuka wakaenda zao. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua printa alikipiga picha kile kisaruji. Mkwe alinibembeleza, akanitisha, akampigia simu mke wake, binamu yangu, ambaye aliniambia ninamwaibisha. Nilimjibu kwamba aibu ilishakuwepo humu dukani kabla sijafika. Kabla ya saa za chakula cha mchana mkwe alirudisha fedha ya chama, akasema nisikanyage tena dukani kwake. Hilo halikuwa tatizo.

Sikurudi Muleba siku ile. Nilikwenda Kitendaguro, huko huko Bukoba, kwa rafiki niliyesoma naye. Mume wake alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilikumbuka chumba chake cha kazi, skrini zikiwa zimepangana kama madirisha.

"Ndugu zake wamechukua gari," rafiki yangu aliniambia akinifungulia mlango wa chumba. "Wamechukua na pikipiki. Hii kompyuta yake waliitaka, nikawaambia imekufa. Wakaitazama, mbaya, nyeusi, haina hata taa, wakaamini."

Tulicheka kwa pamoja, kicheko kisicho na furaha.

Nilimwomba ruhusa ya kuijaribu kama mtu anayenunua ng'ombe. Nilifungua ubavu. Vumbi lilikuwepo, lakini kila kitu kilikuwa mahali pake, na pawasaplai ilikuwa na uzito wake wa halali. Niliifungua nayo, maana sikuwa tena mtu wa kuamini uzito. Nilichomeka skrini tatu, nikafungua michoro ya bei mingi kuliko ningewahi kuihitaji, nikaiacha ifanye kazi mchana mzima huku tukila ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki jikoni kwake. Tuliporudi boksi lilikuwa na joto la mkono wa mtu. Nikachomoa waya ukutani. UPS ya marehemu ikapiga mlio, skrini hazikupepesa.

"Alikuwa anasema mashine nzuri ni ile usiyoisikia," rafiki yangu akasema. Akatoka nje, akaniacha niifungashe peke yangu. Nilimlipa alichotaka bila kuomba apunguze.

Kwenye mnada wetu uliofuata, msimu mwingine, umeme ulikatika katikati, kama kawaida yake. Ghala likawa giza, skrini zikabaki zinawaka, na mtu fulani akasema "Asante Yesu" kwa sauti. Tulikataa bei ya kwanza. Kwenye mnada mwingine tukakataa tena, watu wakinung'unika, wengine wakinitazama kwa jicho baya. Ya tatu tukaikubali, kwa sababu yule mzee aliyeniuliza mara ya kwanza alikuja mwenyewe kusimama mbele ya mstari wa London, akaufuata kwa kidole na kusema, "Sasa umechoka kupanda. Tuuze."

Ungedhani hapo hasira yangu iliisha. Wiki chache baadaye walikuja wageni kutoka wilayani kutazama namna tunavyofanya. Baba mdogo aliwasimamisha mbele ya skrini na kuwaeleza kwamba uongozi wake ulifanya uchunguzi wa kina na kuchagua mashine ya ofisi, imara, isiyo na urembo. Kisha akanigeukia mbele yao. "Mwanangu, hebu wageni wapate chai."

Wanawake wawili waliokuwa kwenye mizani waliacha kupima. Nilisema, "Chai inaletwa na kamati ya mapokezi, baba. Mimi nitawaeleza wageni kuhusu soko, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Na mashine hii niliichagua mimi, baada ya ile uliyochagua wewe kuungua." Nilisema kwa Kiswahili, si kwa Kihaya, taratibu, ili asipate mahali pa kusema nilieleweka vibaya.

Mama alinililia jioni ile. Si kwamba ulikosea, alisema, ila ni mdogo wa baba yako, na ulimwambia mbele za watu. Nilimwambia na yeye aliniambia mbele za watu. Akafuta macho, akasema, "Ndiyo. Niliona."

Uchaguzi ulipofika wanachama walimwachia uenyekiti wake, wakanipa mimi nafasi mpya ya masoko, yenye kura kwenye kamati. Nilikasirika kwa hilo pia, na nimeamua nisijifanye sikukasirika. Tunakaa meza moja. Ananiita "ndugu mjumbe", hajaniita mwanangu tena. Sikukuu ya Krismasi nilimpelekea mkungu wa ndizi kupitia kwa mama. Aliupokea. Nilimwomba mama asiniambie kama alishukuru.