Mfalme Aliyeoa Bila Ng'ombe

Ilianza Jumapili, saa nane na dakika kumi za mchana, tulipotoka tu kanisani na kabla sijavua viatu. Simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa Mlinzi wa Mlango, na Mlinzi wa Mlango alikuwa amenikataa mara ya pili.

Afadhali nieleze kwanza, maana hata mama nilipomwambia habari hizi alidhani nimeingia dhehebu jipya. Kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wa mji wetu, Bunia, wa shule mbalimbali, waliocheza mchezo wa kuandika kwenye simu. Hakuna aliyetumia jina lake. Kila mmoja alikuwa mtu mwingine katika ufalme wa kubuni, na jioni waliandika maisha ya ufalme huo pamoja: huyu anasema, yule anajibu, mwingine anachomoa upanga hata kama hakuna aliyemchokoza. Kusoma kulikuwa bure kwa kila mtu. Ili uandike, ilikubidi umpelekee Mlinzi fishi, yaani historia ya maisha ya mhusika wako, na historia hiyo isipingane na Katiba ya Ufalme. Ukikataliwa mara tatu, basi, mpaka mwaka mwingine wa shule. Na jioni ile, saa kumi na mbili, mlango ulikuwa unafungwa.

Mimi nilitaka kuingia kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule. Shuleni nilikuwa siongei. Si kwamba sikuwa na maneno. Maneno yalikuja vizuri mpaka kwenye meno, halafu yakakaa chini. Mwalimu alipoita majina asubuhi, niliitika kwa sauti ambayo mfuko wangu wa madaftari peke yake ndio ulioisikia. Kwa hiyo kwa upande wa shule nilikuwa mtoro. Walimwita mama wakamuuliza naendaga wapi kila siku, na mama, maskini, siku moja alinifuata kwa mbali mpaka kwenye geti ili ajionee. Katika Ufalme, niliwaza, hakuna mtu atakayehitaji kunisikia. Watanisoma.

Fishi yangu ya kwanza iliangukia kwenye neno moja: kabila. Katiba ilitaja makabila matatu: Watu wa Miti, wenye masikio marefu, Watu wa Moto, wasiooga, na Watu wa Mawe, wafupi, wenye ndevu wote, wanaume kwa wanawake. Ulitakiwa kuchagua. Sasa, kwetu swali hilo halijibiwi. Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba mtu akikuuliza kabila, na hasa kama mtu huyo amesimama kwenye kizuizi cha barabara, unajibu kartiye, yaani mtaa unaokaa, na unaangalia viatu vyake. Basi nikaandika: «Kabila: mimi ni wa kartiye Lumumba.»

Mlinzi alijibu kwamba Lumumba haimo kwenye ramani ya Ufalme, na kwamba hakuna mtu atakayenifanya kitu nikisema nina masikio marefu. Aliongeza kwamba katika Ufalme hakuna ng'ombe, wakati fishi yangu imejaa ng'ombe. Joka Kuu liliwala wote kabla ya mfalme wa kwanza, Katiba, sura ya pili.

Nilichukua siku mbili kujipa moyo, kisha nikaandika «Watu wa Mawe», tena kwa herufi ndogo. Lakini ng'ombe walinishinda. Mimi sijui historia ya mtu isiyo na ng'ombe. Koko, bibi yangu mzaa baba, anatoka Bogoro, na akikueleza ukoo wake anakueleza nani alimzaa nani na kila mwanamke aliolewa kwa ng'ombe gani, yule mwekundu, yule mwenye pembe moja, mpaka unawajua ng'ombe kuliko shangazi zako. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo siku ile niliona ni la akili: kila palipokuwa na neno ng'ombe, niliweka joka.

Ndiyo maana ujumbe wa Jumapili ulisema hivi: «Katika historia yote ya Ufalme kumekuwa na majoka matatu. Babu yako alitoa mahari ya majoka kumi na mawili, na moja lina mimba. Wewe mwenyewe unaamka alfajiri kuyakamua. Imebaki nafasi moja. Tafadhali, tuletee mtu wa kawaida.»

Nilitoka uani nikiwa na kiatu kimoja. Koko alikuwa ameketi akimenya maharage. Upande wa pili, mbele ya chumba cha nyuma, jirani yetu alikuwa anapiga pasi ya makaa. Huyu jirani alikuja kutoka upande wa Bule wakati watu wa kule walipokimbia vita, akapanga chumba kile, na tangu hapo yeye na Koko walisalimiana asubuhi na jioni, «jambo mama», «jambo sana mama», na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia. Hawakuwa wamegombana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kabila; walikuwa wanaangalia tu wasije wakagombana.

Nikamuuliza Koko: kama ng'ombe hakuna kabisa, watu wanaoana kwa kitu gani?

Koko aliacha maharage. «Ngombe ya nani haiko?»

«Ya mufalme moja. Mu simu.»

«Balimwiba?»

«Joka ndiyo ilikula.»

Alilipokea jibu hilo bila kushtuka. Kwa maoni yake wezi wa ng'ombe wanakuja kwa sura nyingi. Akataka kujua tu kama huyo mfalme ana mke, na kama anaye, alimpataje. Nikafungua Katiba nikamsomea: Mfalme alimuoa binti wa Watu wa Mawe kwa upendo mkuu.

«Na mapenzi,» nikamfasiria.

Koko alinitazama. «Mapenzi inakamuliwaka?»

Akaendelea kumenya huku akinieleza, polepole, kama unavyomweleza mtoto kwa nini asiweke kidole kwenye moto, kwamba basi mwanamke yule hajaolewa. Alienda kumtembelea mfalme, akasahau kurudi kwao. Akauliza kama wana watoto. Nikasema wanaye mmoja, mwana wa mfalme, ndiye atakayerithi kiti.

«Atarizi ya nani? Ile mutoto iko ya bajomba yake.»

Hapo jirani alicheka. Tulikuwa hatujawahi kumsikia akicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye, kama cha mtu aliyekihifadhi kwenye sanduku. «Mama,» alimwambia Koko, «na kwetu ni vilevile.»

Lilikuwa neno lake la kwanza kuhusu kwao. Koko akasogeza beseni la maharage kidogo, kama mtu anayempisha mwingine kwenye benchi. Jirani akasogea na pasi yake mkononi, akaniuliza kama lile joka lilikula na mbuzi. Nikapitia sura ya pili yote, mstari kwa mstari. Kuhusu mbuzi hakuna aliyeandika kitu.

«Basi mufalme hana la kusema,» jirani akaamua.

Sijui nani aligawa pande. Nilishtukia tu kwamba Koko amekuwa wa upande wa binti, jirani amekuwa upande wa mfalme, na mahari ya malkia wa Ufalme inajadiliwa uani kwetu, kati ya beseni la maharage na kamba ya nguo. Jirani alisimama wima, akapiga goti kidogo, akasema wao wamekuja kwa heshima, wametembea kwa mguu, na njiani hawakula. Koko akageuza uso ukutani.

Akanyamaza. Nilisubiri. Akazidi kunyamaza, mpaka nikamuuliza kama anaumwa.

«Muache,» jirani akaninong'oneza, akisahau kwamba yeye ni adui. «Mujumbe wa binti hasemake bure. Kwanza banaweka kitu mbele yake. Mbuzi ya kufungua kinywa.»

Kwa kuwa mbuzi hatukuwa naye, aliingia chumbani kwake akatoka na sahani ya karanga, akaiweka chini kwa mikono miwili. Koko aliiangalia sahani ile kama unavyoangalia tusi. Alichukua karanga moja, akaitafuna, akaimeza. Ndipo akafungua kinywa, na sikumbuki kama nimewahi kumsikia akisema vizuri namna ile. Alisema binti yao hakuokotwa barabarani. Alisema alikuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala. Alinigeukia akaniuliza watu hao wa mawe wakoje, nikamkumbusha, akarudi kwa jirani bila kupoteza pumzi:

«Binti yetu iko na ndevu muzuri mupaka mu kifua. Weye ulishaona ndevu ya vile?»

Jirani alijitahidi kujibu kama mtu mzima, akashindwa, akakaa chini na kujifuta macho kwa kanga. Nguo iliyobaki kwenye meza ya pasi ilisubiri mpaka jioni.

Mimi nilikuwa tayari nimekaa kwenye ngazi naandika. Ilikuwa ni fishi fupi kuliko zote. Nilisema: mimi ni wa Watu wa Mawe. Sina upanga, sina uchawi, sikuzaliwa usiku wa mwezi mwekundu. Nina ndevu za kawaida. Mimi ni mjumbe wa kwao malkia. Nimeshuka mlimani na kigoda changu, na nitakaa mbele ya jumba la Mfalme mpaka anijibu swali moja: alimuoa binti yetu kwa kitu gani? Ng'ombe najua waliliwa. Mbuzi je? Na mwishoni nikaongeza sheria ya mjumbe: hasemi neno mpaka awekewe mbuzi wa kufungua kinywa.

Nikatuma. Jibu halikuja. Nikavua kile kiatu kingine. Nikachambua mchele ambao mama alikuwa ameshauchambua. Jua lilikuwa limefika kwenye paa la jirani, na mimi nilikuwa naiangalia simu kama mtu anayechungulia chungu kisichochemka. Nilianza kujiambia kwamba mwaka mwingine wa shule si mbali. Nilikuwa najidanganya, na nililia kidogo kwenye mchele.

Kisha Mlinzi akaandika: «Ngoja. Tunaitana.»

Baadaye: «Tumesoma Katiba yote. Kuhusu mbuzi una haki.»

Baadaye tena: «Mwana wa Mfalme ameondoka kwenye kikundi kwa hasira. Anasema hawezi kuwa mtoto wa wajomba.» Halafu: «Amerudi. Umekubaliwa. Ingia sasa hivi, wote wanakusubiri.»

Nikaingia. Walikuwepo wote, wale niliokuwa nawasoma kila jioni: mganga, mwizi, mwana wa mfalme aliyenuna, na Mfalme mwenyewe. Mfalme akaandika: «Karibu, Mjumbe. Sema ulichokuja kusema.»

Na hapo nikagundua kwamba ugonjwa wangu haukuwa wa koo. Ulikuwa umehamia kwenye vidole. Maneno yalikuja vizuri mpaka kwenye kucha, halafu yakakaa chini. Nilibonyeza herufi moja, nikaifuta. Walikuwa wanaona kwamba naandika, na wanaona kwamba nimeacha. Mwizi akaweka alama ya kuuliza. Mganga akaweka tatu. Mlinzi akanikumbusha kwa adabu kwamba mgeni asiyejitambulisha anatolewa. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kuondoka.

Mwizi akaandika: «Amekasirika.»

Mganga akajibu: «Hapana. Soma fishi yake, mwisho.»

Wote wakaenda kuisoma. Halafu mganga tena: «Hasemi bure huyu. Aisee, anacheza vizuri.»

Mimi sikuwa nacheza. Nilikuwa nimeganda kwenye ngazi. Koko, ambaye hasomi, alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu pamoja na jirani, wote wawili wakiikodolea ile simu iliyopasuka kioo.

«Baliweka?» Koko akauliza.

«Bado.»

«Basi nyamaza. Usitupatishe haya.»

Ikapita dakika ndefu. Ndipo Mfalme akaandika kwamba ameinuka kwenye kiti chake, ametoka nje ya jumba yeye mwenyewe, na ameweka mbele ya Mjumbe mbuzi mmoja mweusi mwenye doa jeupe usoni. Alikuwa mbuzi wa kwanza katika historia ya Ufalme.

«Baliweka,» nikasema.

«Muzima ao mugonjwa?» jirani akataka kujua. Nikamwambia hawakuandika. Akasema mgonjwa basi, lakini pokea.

Nikapokea. Nikaandika: «Sisi hatukuja kupigana. Tumekuja kuuliza tu, binti yetu mlimchukua kwa nani?» Nikaendelea mpaka jioni ikaisha. Niliwaeleza na habari za ndevu.

Kesho yake asubuhi nilienda shule kama kawaida, nikakaa mahali pangu kama kawaida. Mwalimu akafungua daftari, akaanza kuita. Alipofika kwenye jina langu alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi ili aandike kwamba sipo. Nikaitika:

«Présente, monsieur.»

Ilitoka ile sauti niliyokuwa nimemtayarishia mfalme. Wa mbele waligeuka. Mwalimu aliinua kichwa akanitafuta, akanipata, akauliza tangu mwaka uanze nilikuwa wapi. Nikasema hapa hapa. Akaweka kalamu chini.

«Na leo nani alikufungua kinywa?»

«Balinipatia mbuzi, monsieur.»

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao. Msichana mmoja tu wa benchi la nyuma, mrefu, ambaye nilikuwa sijawahi kuongea naye, hakucheka. Alinitazama, akashusha macho, akainamisha kichwa kidogo kwa adabu, kama mfalme anayemsalimia mkwe.